Kitalu Namba 22

Mara ya kwanza niliposikia habari za Waorani, jina lao halikutajwa. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, Ijumaa jioni, kwenye feloshipu, na mhubiri mgeni alikuwa akitusimulia juu ya vijana watano wa Kimarekani waliokwenda kupeleka Injili kwenye msitu wa Ekuador. Kwa wiki kadhaa waliwashushia watu wa msituni zawadi kutoka kwenye ndege ndogo, ndoo ikining'inia kwenye kamba ndefu: sufuria, mapanga, nguo. Kisha wakatua kwenye ufuko mwembamba wa mchanga kando ya mto Curaray. Tarehe 8 Januari 1956 wote watano wakauawa kwa mikuki.

Alisimulia vizuri, nisiseme uongo. Ukumbi mzima ulikuwa kimya. Nilitoka pale nikijua majina ya wamisionari karibu wote, na jina la mjane mmoja, Elisabeth Elliot, ambaye baadaye alikwenda kuishi na watu waliomuua mumewe. Waliomuua walibaki kuwa "wale watu".

Miaka ikapita. Mwaka 2024 kikatoka kitabu cha Nemonte Nenquimo, mwanamke wa Kiwaorani, alichokiandika pamoja na mumewe Mitch Anderson. Uingereza kilitoka kwa jina la We Will Not Be Saved, yaani hatutaokolewa. Ukiwa umekulia mahali ambapo kila kona mtu anakuuliza "umeokoka?", jina kama hilo hulipiti tu. Kitabu ni kumbukumbu za maisha yake, na kukichambua nawaachia wengine. Mimi kilinirudisha kwenye kile kisa cha feloshipu, nikaanza kutafuta nini kilifuata baada ya 1956, maana kwenye mahubiri hadithi iliishia kwenye msamaha na ubatizo. Kumbe ndo kwanza ilikuwa inaanza.

Tuanze na majina. Kwa lugha yao, Wao Tededo, neno Waorani maana yake ni watu. Msomaji wa Kiswahili atacheka kidogo hapa, kwa sababu ile "wa" ya mwanzo si kiambishi chetu, ni sadfa tu. Cha kuchekesha zaidi, "wao", neno ambalo kwetu linawaweka wengine kando, kwao linawataja watu wenyewe, yaani sisi. Wageni wote waliitwa cowori, na wazee walisimulia kwamba cowori wanakula watu. Kwenye Amazoni ambako wavunaji wa mpira walikuwa wamepita wakikamata watu na kuwatumikisha, hiyo haikuwa hofu ya kipuuzi.

Majirani zao wanaozungumza Kikichwa waliwaita Auca. Neno hilo linabeba mzigo uleule ambao Kiswahili cha pwani na cha misafara kililibebesha neno "mshenzi": mtu wa porini, asiye na dini wala adabu. Magazeti ya 1956 yaliandika Auca. Wamisionari waliandika Auca. Kampuni ya Texaco ilipopata mafuta kusini mwa mji wa Coca mwaka 1970, eneo lile la visima likaitwa Auca, na barabara iliyokatwa kuyafuata mafuta hayo ikaitwa Vía Auca. Inaitwa hivyo hadi leo. Piga picha barabara kuu inayokatiza ardhi ya babu yako, na kibao kimeandikwa Barabara ya Washenzi.

Mafuta yenyewe yalianza kupatikana kaskazini, Lago Agrio, mwaka 1967. Kusini kulikuwa na dalili za mengine zaidi, lakini kusini kulikuwa na mikuki. Hapo ndipo mambo mawili yaliyokuwa yakienda kila moja kivyake yalipokutana. Rachel Saint, dada wa rubani aliyeuawa pale mtoni, alikuwa ameanzisha makazi ya misheni Tiweno pamoja na Dayuma, mwanamke wa Kiwaorani aliyekuwa amekimbia visasi vya mikuki kati ya koo na koo. Lazima tuwe wakweli hapa: visasi vile vilikuwa vinawamaliza, na misheni ilichangia kuvituliza. Wapo Waorani wanaolisema hilo wenyewe. Ila kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, koo zilizokuwa bado ndani ya msitu zilianza kuhamishiwa kwenye eneo la misheni, moja baada ya nyingine, na kila ukoo ulipoondoka, ardhi yake ilibaki wazi kwa wapimaji wa mafuta. Eneo lile la misheni liliitwa kwa Kihispania Protectorado, mahali pa ulinzi. Mwaka 1969 polio ikalipuka humo. Watu walikufa, wengine wakabaki walemavu.

Si wote waliokubali kuhama. Ukoo uliomfuata mtu aitwaye Tagae ulizama ndani zaidi ya msitu, na ndio unaoitwa Tagaeri. Mwaka 1987 askofu Mkatoliki Alejandro Labaka na mtawa Inés Arango waliteremshwa kwa helikopta kwenye makazi yao, wakitaka kuwafikia kabla kampuni za mafuta hazijawafikia. Wote wawili waliuawa kwa mikuki. Kisa hiki sikuwahi kukisikia kwenye mahubiri yoyote, na nadhani najua sababu: ni kigumu. Askofu alikuwa upande wao, na bado hawakumtaka.

Barabara ikishaingia msituni, mengine yote yanajiendesha. Walowezi wanafuata na misumeno, kando ya lami kunafunguka mashamba na malisho ya ng'ombe, na bomba linapita mbele ya nyumba za watu. Kule kaskazini, kwenye ardhi za Wakofan, Wasiona na Wasiekopai, Texaco iliacha mashimo wazi yaliyojaa mabaki ya mafuta na maji machafu ya visima. Kesi iliyofunguliwa mwaka 1993, ambayo Chevron iliirithi ilipoinunua Texaco, imezunguka New York, Lago Agrio na The Hague na ingetosha kitabu kizima, tena kitabu ambacho mawakili wa pande zote mbili wasingefurahi kukisoma. Sitaingia huko. Ninachotaka ukumbuke ni kwamba mashimo yalikuwepo, yalionekana kwa macho, na watu wa huko wamekuwa wakikinga maji ya mvua kwa sababu mto hawauamini tena. Itatufaa mbele.

Mwaka 1990, chini ya Rais Rodrigo Borja, serikali iliwapa Waorani hatimiliki ya zaidi ya hekta 600,000. Kwa watu ambao miaka 35 nyuma hawakuwa na karatasi hata moja, hilo ni jambo kubwa, na wengi tungeishia hapo na kupiga makofi. Tatizo lilikuwa kwenye masharti. Wenye hati hawakuruhusiwa kuzuia wala kukwamisha uchimbaji wa mafuta na madini. Yaani nyumba ni yako, ila fundi akija kuvunja ukuta wa sebuleni usimguse. Mafuta yaliyo chini ya ardhi, kisheria, ni ya serikali, kama ilivyo katika nchi nyingi duniani. Kwa hiyo Waorani walipewa msitu kuanzia kwenye udongo kwenda juu.

Halafu ikaja katiba ya 2008, ambayo wanaharakati wa mazingira duniani kote waliipokea kwa shangwe kwa sababu iliipa asili yenyewe haki zake kisheria. Mto una haki, msitu una haki. Katiba hiyohiyo pia ilisema jamii za wenyeji lazima zishauriwe mapema, bila kulazimishwa, na kwa kupewa taarifa kamili, kabla mtu hajachimba kwenye ardhi yao. Naomba uliangalie vizuri hilo neno kushauriwa. Halisemi kuridhia. Nitalirudia.

Mwaka 2012 serikali ya Rafael Correa ilitangaza mnada wa vitalu vipya vya mafuta kusini mashariki mwa nchi. Msitu uligawanywa kwa mistari iliyonyooka, kila kipande kikapewa namba. Kipande kimojawapo, katika jimbo la Pastaza, kilikuwa Kitalu namba 22, na karibu chote kilikuwa ndani ya ardhi ya Waorani. Kabla ya mnada yalifanyika hayo mashauriano ya kikatiba. Kwa maelezo ambayo Waorani waliyatoa baadaye mahakamani, maofisa walikuja kwa ndege, wakakaa muda mfupi, wakaongea mambo ya kitaalamu ambayo wazee hawakuyaelewa, kukawa na chakula na soda, watu wakasaini. Saini zile zikaandikwa kuwa mashauriano yamefanyika.

Niliposoma hapo niliweka kitabu chini nikanyanyuka kwenda kuchemsha chai. Kazi yangu imenipeleka kwenye mikutano mingi ya "ushirikishwaji wa wananchi". Mmoja siusahau. Ulikuwa chini ya mwembe, mradi siutaji, na karatasi ya mahudhurio ilizungushwa mwanzoni kabisa kwa sababu ndiyo iliyotumika kugawia nauli na soda. Mama mmoja aliniuliza anasaini nini, nikamwambia ni mahudhurio tu, mama, asiwe na wasiwasi. Miezi kadhaa baadaye nikaikuta karatasi ileile kama kiambatisho cha ripoti, juu yake pameandikwa orodha ya wananchi walioafiki. Niliandika habari yangu bila kulitaja hilo, kwa kuwa niliona ni mambo ya kawaida.

Ndiyo maana sehemu inayofuata ya historia hii naiona kubwa kuliko mikuki yote ya 1956. Waorani wa Pastaza, ambao wengi bado walikuwa mbali na barabara, walianza kukutana na wale majirani wa kaskazini wenye mashimo. Walikwenda kuona kwa macho yao. Kilichoanza kama kazi ya kujenga matangi ya maji ya mvua vijijini kikazaa umoja wa watu wanne, yaani Wakofan, Wasiona, Wasiekopai na Waorani, ulioitwa Alianza Ceibo, ukichukua jina la mti mkubwa wa Amazoni ambao ni ndugu wa msufi wetu. Nemonte Nenquimo alikuwa mmoja wa waanzilishi. Na kuanzia mwaka 2015 hivi, vijiji vya Pastaza vikaanza kuchora ramani.

Wazo lilikuwa rahisi. Ramani za serikali zilionyesha mito mikubwa, miinuko, na mistari ya vitalu. Baina ya mito kulikuwa kweupe, hakuna kitu. Mnunuzi wa kitalu aliyekaa ofisini Houston au Beijing alikuwa ananunua kitupu hicho. Basi vijana wakachukua vifaa vya GPS na simu wakawafuata wazee msituni. Mzee anatembea, anasimama, anasema: hapa tunavulia samaki. Hapa kuna mti wa sumu ya mishale. Hapa jagwa hupita. Hapa kuna mapango. Hapa palikuwa na nyumba ya zamani. Hapa fulani alichomwa mkuki, na ndiyo maana kijito kinaitwa hivi. Kijana anabonyeza, nukta inaingia. Programu waliyotumia ilitengenezwa ifanye kazi bila intaneti, na alama za kwenye ramani walizibuni wao wenyewe, wakaamua mti fulani uchorweje na mnyama fulani achorweje.

Nimeziangalia sehemu za ramani hiyo zilizotolewa hadharani. Sijui niieleze vipi kwa mtu wa fasihi isipokuwa hivi: ni kama kuona ukurasa mtupu uliojaa maandishi pembeni mpaka mwenyewe haonekani. Kwa muda mrefu tumezoea kusema simulizi za wazee ni utamaduni na ramani ni sayansi, moja inakwenda kwenye tamasha, nyingine inakwenda wizarani. Waorani walizichukua simulizi wakazipeleka wizarani. Na kuna jambo moja linanigusa zaidi: vifo vya visasi, vile ambavyo kwenye mahubiri vilikuwa ushahidi wa giza, kwenye ramani vimekuwa ushahidi wa umiliki. Huwezi kuwa na kijito chenye jina la marehemu wako kwenye ardhi ambayo hukuwahi kuishi.

Tarehe 27 Februari 2019 walifungua kesi Puyo, makao makuu ya jimbo la Pastaza. Mlalamikaji wa mbele alikuwa Nenquimo, wakati huo rais wa baraza la Waorani wa Pastaza, pamoja na wazee wanaoitwa pikenani. Kwenye kikao kimoja cha Machi, waliona utaratibu na ukalimani haviwatendei haki. Wanawake wakaanza kuimba. Waliimba na kuimba, sauti ya mahakama ikamezwa, mpaka kikao kikaahirishwa. Fikiria hakimu anavyopigana na wimbo wa akina mama ambao hauna kituo.

Tarehe 26 Aprili majaji wa Puyo walitoa hukumu: mashauriano ya 2012 hayakuwa mashauriano, haki ya Waorani ilivunjwa, kitalu kisiuzwe. Julai mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya jimbo ikaikazia. Ardhi iliyookolewa kwenye mnada ilikuwa kama hekta 200,000. Picha za wanawake wenye rangi nyekundu ya achiote usoni wakiandamana mitaani zilizunguka dunia, na mwaka 2020 Nenquimo akapata Tuzo ya Goldman.

Hapa wengi huishia, na mimi pia nilitamani kuishia hapa. Ila lile neno nililokuomba uliangalie bado lipo. Mahakama haikusema serikali haiwezi kuchimba Kitalu 22. Ilisema haikushauri ipasavyo. Kisheria, serikali inaweza kurudi na wakalimani wazuri, muda wa kutosha, vielelezo kwa Wao Tededo, ikashauri kwa kufuata kila hatua, ikaambiwa hapana, na mjadala ukabaki uleule wa nani mwenye neno la mwisho. Wanaharakati hawapendi kulisema hili kwa sauti kwa sababu linapunguza utamu wa ushindi. Nadhani wanakosea. Waorani wenyewe wanalijua vizuri. Mtu aliyewahi kupewa hati yenye sharti kama lile la 1990 hasomi tena kichwa cha habari peke yake.

Na si Waorani wote wanaosema kitu kimoja. Kaskazini, karibu na visima, wapo ambao watoto wao wanasoma kwa fedha za kampuni na ambao kijana wao ameajiriwa na kampuni. Tofauti hiyo ilionekana wazi tarehe 20 Agosti 2023, Ekuador ilipopiga kura ya maoni kuhusu Kitalu 43 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yasuní. Historia ya kitalu hicho ni ndefu. Mwaka 2007 Correa aliuambia Umoja wa Mataifa kwamba Ekuador ingeyaacha mafuta hayo ardhini kama dunia ingeichangia dola bilioni 3.6, takriban nusu ya thamani yake. Hadi Agosti 2013 zilikuwa zimeingia kama dola milioni 13. Correa akavunja mpango, na 2016 mafuta yakaanza kutoka. Vijana wa mjini wakakusanya saini, wakazungushwa mahakamani karibu miaka 10, na mwisho wakapata kura yao. Karibu asilimia 59 ya wapiga kura walisema mafuta yabaki chini. Lakini katika jimbo la Orellana, mahali visima vyenyewe vilipo, wengi walitaka uchimbaji uendelee. Sioni ajabu. Ukimnyang'anya mtu mto, kisha ukampa mshahara, usimshangae akiulinda mshahara.

Mahakama ya Katiba ilitoa mwaka mmoja uchimbaji ukome. Mwaka ulipoisha, Agosti 2024, serikali ilifunga kisima cha kwanza kati ya visima zaidi ya 200, na ikasema kazi yote itachukua hadi 2029.

Kwa ajili ya makala hii nilitaka kuweka ramani mbili pembeni kwa pembeni. Ramani ya vitalu niliipata ndani ya dakika moja, mistari imenyooka, namba zimekaa katikati. Ya Waorani nilipata vipande. Takwimu zenyewe zinabaki mikononi mwa vijiji, na vijiji ndivyo vinavyoamua mgeni aone nini. Nilihangaika nayo usiku mzima, nikazidisha ukubwa wa picha mpaka zikawa vumbi la rangi, nikitafuta ule ufuko wa mchanga wa Curaray niliousikia kwenye feloshipu. Sikuuona.